Nimeukata Mgongo wa Kamera Yako

Japuonj,

Ndivyo ulivyonifundisha kukuita, mwalimu kwa lugha ya kwenu, na tangu tulipokuzika Siaya sijapata mtu mwingine wa kumwita hivyo. Naenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe. Najijua, nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Ile fremu ya nyuma ya kamera, ile ya mbao nyekundu inayoshika kioo cha ukungu tunachotazamia picha kabla ya kuingiza filamu, nimeikata kwa msumeno. Haiwezi kurudi ilivyokuwa.

Watu wakiniuliza nimekuwa nikisema ni fundi Mwangi. Ni kweli Mwangi ndiye aliyeshika msumeno. Lakini mimi ndiye niliyechora mstari.

Ngoja nikueleze vile mambo yalivyokwenda.

Studio yako ya Laini Saba, Kibera, haipo tena. Mwenye nyumba alimpa chumba mtu wa kuchaji simu na kuuza chipsi, na pale ulipokuwa ukiwakalisha watu sasa kuna karai la chipsi. Lile pazia ulilochora ziwa na milima mjane wako, Mama Atieno, alilichukua, amelitundika kwake Soweto East, hukohuko Kibera, kwenye ukuta wa chumba cha kulala. Kamera alinipa mimi. Nilikataa mara ya kwanza, akasema, "Chukua, Njeri. Hapa kwangu watu wataanikia nguo juu yake." Ndipo nikaibeba hadi Kawangware, kwenye chumba cha mbele cha ploti ya baba, kando ya tangi la maji. Baba, ambaye hajawahi kuelewa kwa nini binti yake aliacha kusimamia wapangaji akaenda kujifunika kitambaa cheusi Kibera, alileta rangi mwenyewe akapaka kuta. Kila akipita anauliza, "Hiyo sanduku bado inapiga?"

Ilikuwa haipigi. Unajua kwa nini. Ile hospitali iliyokuwa ikituuzia filamu za eksirei siku hizi inaangalia mifupa kwenye kompyuta. Zile shiti za filamu ulizokuwa ukizikata gizani kwa kupapasa, ukiniambia nisipumue karibu nazo, zimekwisha. Nimezunguka mji mzima. Filamu inayopatikana sasa ni ndogo, na inakaa kwenye kaseti nyembamba za plastiki ambazo hazishiki kwenye mgongo wa kamera yako, uliotengenezewa zile kaseti nzito za mbao.

Na ulijua siku hiyo itafika. Ulikuwa umekaa kwenye stuli, kikohozi kimekubana, ukasema, "Ukikosa filamu, tengeneza mgongo mwingine kando. Huu uache." Nikajibu, "Sawa, Japuonj." Nilijibu haraka, vile mtu anavyomjibu mgonjwa ili apumzike.

Halafu akaja Bi Zuhura wa Makina. Alikuja mwenyewe mpaka Kawangware, magoti yanamuuma, akaketi kabla sijamkaribisha. Hukuwahi kukosa Idd kwake. Nakumbuka tulivyokuwa tukibeba kamera hadi uani kwa Bi Zuhura, mimi na miguu ya kamera begani, wewe na sanduku kifuani, na familia nzima ikitusubiri kwenye mkeka. Picha zote ziko ukutani kwake, saizi moja, kuanzia ile ambayo mzaliwa wake wa kwanza yuko mapajani hadi ile ambayo huyo huyo ana mvi.

"Idd iliyopita tuliacha, mwanangu, kwa ajili ya msiba wa mzee," akaniambia. "Lakini sasa watoto wangu wanakuja, Juma kutoka Juba na Halima kutoka Mombasa. Sijui kama nitawaona tena kwenye mkeka mmoja. Utakuja?"

Nikasema nitakuja. Filamu nilikuwa nazo chache, zile ndogo, pamoja na kaseti zake. Mteja wetu mmoja wa zamani alinitumia kutoka ng'ambo. Nilichokosa ni mgongo wa kuzishika.

Mwangi ana karakana nyuma ya soko hapa Kawangware, anatengeneza mabenchi ya kanisa. Aliigeuza ile fremu mikononi, akasema, "Kutengeneza ingine mpya na mifereji yake yote, nataka mbao imekauka vizuri. Utangoja sana. Lakini tukikata hii yenyewe tuweke upande mpya, jioni unaenda nayo."

Idd ilikuwa imekaribia. Hilo ndilo ninalowaambia watu, na si uongo, lakini pia si ukweli wote. Japuonj, unakumbuka ukingo wa kushoto wa ile fremu, pale ulipokuwa ukivuta kwa dole gumba ili kaseti iingie? Mbao ilikuwa imelika, imeingia ndani, laini kama kipande cha sabuni kilichokaribia kwisha. Kila nilipoifungua kamera dole langu lilianguka hapo, na lilikuwa dogo, shimo lilikuwa la kwako. Kila mteja alikuwa anauliza, "Hii si ni ile kamera ya mzee?" Nilichoka kuwa mlinzi wa kitu cha mtu. Nilitaka iwe yangu. Mwangi aliponiuliza tukate upande gani, upande wowote ungefaa. Nikachora mstari kushoto.

Basi. Hapo ndipo penye dhambi yangu. Mengine yote yalifuata kutoka hapo.

Siku ya Idd Makina ilikuwa imependeza, harufu ya pilau kila mlango, kanzu nyeupe kila kona. Bi Zuhura aliketi katikati, Juma kulia, Halima kushoto, wajukuu mbele, mtoto mchanga wa Halima amelala. Kwenye kioo niliona kila kope. Nikaingiza kaseti mpya, nikawaambia watulie, nikapiga. Nikabadilisha, nikapiga tena. Walipiga makofi. Juma akasema, "Mzee angefurahi," nami nikatabasamu.

Niliposafisha zile filamu, mkeka ulikuwa umetoka safi. Kila ua, kila uzi uliosukwa, hata nzi aliyetua ukingoni. Nyuso zote zilikuwa ukungu.

Nilijua kosa kabla filamu haijakauka. Nilikuwa nimepima upana na nikapima urefu, lakini kina sikupima. Kwenye zile kaseti mpya filamu inakaa nyuma zaidi kuliko kwenye zako za mbao, na kioo nilikiacha palepale. Nilichokiona kwenye kioo sicho filamu ilichokiona. Na hilo ndilo somo la kwanza kabisa ulilonipa, hata kabla ya kuniruhusu kugusa lenzi: "Filamu ikae palepale kioo kilipokuwa. Ikisogea kidogo tu, umepiga picha ya kitu kingine." Nililisema hilo somo kama sala miaka yote, na siku ya kulitumia nikawa na haraka ya kusifiwa.

Juma alikuwa ameshaondoka. Halima pia. Nilimpelekea Bi Zuhura ile picha kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kutompelekea. Aliishika karibu na macho, akaisogeza mbali, akaipitishia kiganja kama mtu anayefuta vumbi.

"Mkeka umetoka vizuri," akasema.

Nikamwambia kosa ni langu, si la kamera. Alimwita mtu alete nyundo, akaitundika mwisho wa mstari, ndogo kuliko zote, nyuso hazionekani. "Ndio waliokuja," akasema. "Mimi nawajua." Afadhali angenitukana, Japuonj. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima.

Nilidhani hilo ndilo litakuwa zito kuliko yote. Halafu Mama Atieno akaja kunitembelea.

Alikuja na mandazi, akasalimiana na baba, akasifu rangi ya ukuta. Kisha akaiendea kamera, akazunguka nyuma, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kushoto. Ukakuta mbao mpya, nyeupe, yenye kona kali. Akapapasa juu, akapapasa chini. Nilikuwa nimeshika birika na sikuweza kulitua.

"Njeri. Kile kipande kiko wapi?"

Nilimwambia kiko kwa fundi, ngoja nikakuletee. Nilikimbia, sijui niliwapita akina nani njiani. Mwangi alikuwa akipiga randa. Aliangalia chini ya meza, akaangalia kwenye gunia la vipande, akajikuna kichwa. "Hiyo nilichemshia gundi. Kwani ulikuwa unaitaka?"

Alikuwa hajafanya kosa lolote. Niliporudi nilijaribu kutafuta namna ya kulisema, nikakosa, nikalisema vile lilivyo: kimechomwa.

Mama Atieno aliugusa tena ule ukingo mpya. Halafu akasema, wala si kwa sauti ya ugomvi, "Mzee akienda kunywa chai, nilikuwa naweka kidole changu hapo. Hakujua. Nilikuwa naweka tu." Akachukua mkoba wake. Chai yake niliikuta imejaa hadi juu.

Sikujua, Japuonj. Miaka yote ile nilidhani mbao ile imelika kwa kidole kimoja.

Baada ya hapo nilifanya kile ambacho nilipaswa kufanya mwanzo. Nilikifungua kioo, nikakata vipande vyembamba vya pakiti ya majani ya chai, nikaviweka chini ya kioo kimoja kimoja kukirudisha nyuma. Nilibandika gazeti ukutani, nikapima, nikatoa, nikaongeza, hadi herufi za kwenye kioo na herufi za kwenye filamu zikawa sawa. Nilimpiga Bi Zuhura peke yake, akiwa kwenye kiti mlangoni. Ilitoka vizuri. Aliitazama akasema, "Alhamdulillahi, lakini mimi sikuwa na shida ya kujiona mimi." Alikuwa na haki.

Mama Atieno hakupokea simu zangu. Nilienda Soweto East, nikaambiwa ameenda kanisani, na kanisani siku ile hakukuwa na ibada. Nikaacha kumsumbua.

Kisha juzi, asubuhi, nimefungua mlango tu, nikamkuta amesimama nje. Amevaa gauni la kitenge ulilomnunulia na kilemba cheupe. Hakunisalimia. Aliingia, akaketi kwenye stuli, akanyoosha mgongo.

"Piga," akasema.

Nikajifunika kitambaa. Nikamwomba anisubiri kidogo. Kwenye kioo alikuwa kichwa chini, vile wote wanavyokuwa, na hata hivyo niliona ananikazia macho. Nikapiga moja tu. Alikataa kuondoka, akakaa nje na baba wakizungumzia bei ya unga hadi picha ikawa tayari.

Imetoka, Japuonj. Macho yake yametoka, na mikunjo iliyo chini yake, na ule uzi uliofumuka begani. Aliishika kwa mikono miwili.

"Huyu ni mimi," akasema. "Kazi unaijua. Lakini bado nina hasira na wewe."

"Najua, Mama."

"Ikiisha nitakwambia."

Hajaniambia. Aliondoka na picha, na hakunipa mkono. Sijui kama itaisha, na si kazi yangu kumharakisha.

Kwa hivyo nakuahidi haya tu. Sitasema tena ni Mwangi, wala sitasema ni Idd. Mtu akinyooshea kidole ile mbao nyeupe na kuuliza nani aliharibu kitu kizuri hivi, nitamwambia ni mimi, Njeri, na nitamweleza kilichokuwa hapo na kilikuwa cha nani. Na Juma na Halima wakija tena, hata iwe ni siku ya kawaida tu, nitakwenda Makina na nitapima mara mbili kabla ya kumwambia mtu atulie.

Pumzika, Japuonj. Sikuombi unisamehe leo. Kwanza namsubiri Mama Atieno.

Mwanafunzi wako,
Njeri