Sindano za muhogo na mugongo wa baba mukwe

Fanny, leo nimeona haya kwa mama mukwe wangu, sijui nitarudi kule na uso gani.

Nilichoma zile sindano mbili za mashine yangu ya kupima mimea mu muhogo wake, nikapitisha umeme kidogo, mashine ikaonyesha shina ni gonjwa ndani. Lakini majani kijani kabisa. Mama akasema ninamulogea shamba.

Tukaung'oa. Mizizi yote imeoza.

Hapo njo mama akaita bwana yake: «Papa Salomon, kuja hapa. Juma zima unasema mugongo unauma, huwezi kulima. Mukamwana atakupima.»

Fanny, mimi? Nimuchome baba mukwe sindano. Baba mukwe mwenyewe.

Sindano ingali mukononi mwangu, mzee ameshika jembe, amelima mistari mitatu huku anaimba.

Na mama amefunga mashine mu kitenge chake, anasema haitoki tena kwake.

Fanny, ile mashine ni ya chuo.