Picha Iliyotoka Kwenye Printa

Somo, upo? Nakutumia sauti hii mbio mbio.

Mjukuu wangu Asya alikuwa anaprinti mitihani ya watoto wa madrasa. Printa haitoi. Kaizima, kaiwasha, kachomoa waya, karatasi kazipanga upya. Kompyuta yasema ipo kazi nyengine mbele yake.

"Bibi, mie sikutuma kitu chengine."

Nikamwambia subiri, mwanangu, iache imalize.

Ikatoka picha. Picha, somo! Ya uani kwetu. Kwenye kamba ya nguo ipo kanga yangu mpya ya zambarau, hata pindo sijazishona. Nimeianika leo asubuhi!

Asya kaangalia nani katuma. Ni simu ya Hafidh.

Hafidh! Mumewe wa zamani, yule aliyemvunja mkono. Si walituambia yuko Dar?

"Printa hii aliiunga mwenyewe na simu yake, Bibi. Lakini haipokei mpaka awe hapa hapa. Waifai yetu haifiki hata barabarani."

Hata barabarani, somo. Kaisema hiyo, kisha kanikamata nguo kama mtoto.

Mlango wa uani nimeutia komeo. Asya nimemfungia chumbani kwangu. Mwambie mwanao Mmanga aje na wenzake sasa hivi, wapite mlango wa mbele.

Ngoja. Printa inalia tena.

Ya Rabbi. Hii ya pili ni picha ya mlango wa mbele. Ule sikuufunga, somo. Nimewaachia nyinyi.