Meno Mawili Mazima

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba, shikamoo yako nimeipokea. Sisi hapa Gungu hatujambo, ila babu yako ameezeka banda la kuku, upepo wa ziwani ukaliezua, na sasa hasemi na mtu.

Barua yako imenichosha. Taya linauma na kulia kila ukitafuna, daktari kasema meno ni mazima, na bado unataka ling'olewe jino moja ujaribu. Unauliza kama ni ugonjwa wa ukoo. Ukoo huu unarithishana ukaidi tu.

Mwaka wa kuhamia vijiji vya ujamaa tuliishi mlimani, nyuma ya Mwandiga. Kila asubuhi katibu alisoma majina ya kaya za kuhama, nami nilisimama pale nimeuma meno, nikingoja letu. Wiki zikapita. Taya likakaza, ugali nikawa naumumunya. Mama mkwe akasema ni jino. Nikang'olewa, taya halikutulia. Nikang'olewa la pili, mjinga mimi.

Siku tuliposomwa nililia, nikafunga vyombo, tukaondoka. Njiani nikapewa hindi la kuchoma. Nilikuwa nimelimaliza ndipo nikakumbuka kwamba nina taya bovu.

Na wewe unasubiri matokeo ya mtihani. Umeyataja mwishoni kabisa, mstari mmoja, kana kwamba hayahusiki. Rudi kwa daktari umwambie na hilo.

Kisha achia hayo meno, Zawadi. Hata sasa unavyosoma, umeyauma.

Bibi yako