Mashitaka Unayoyaandaa

Mkoani, Pemba

Kwa Kaka Masoud,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe na wifi Yumna na watoto. Sisi huku hatujambo, ila mama, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Kwenye simu ulifoka, ukakata, hukuniacha niseme. Hapa huwezi kunikatia. Barua nampa Ashraf, anasafiri kuja huko kesho.

Nasikia unaandaa mashitaka dhidi ya daktari aliyempasua mama, ati kamharibu. Ni kweli kidonda kimefumuka. Ile nyama waliyoitoa kifuani kuziba shavu baada ya kuondoa saratani imeoza ukingoni, mate yanavuja shingoni, nambadilishia bandeji mara nne kwa siku. Chakula chake ni uji kwa mpira wa puani. Lakini usinipandishie sauti mimi, Kaka. Wewe hukumsafisha hata mara moja.

Yule daktari alitwambia wazi, miezi miwili kabla ya upasuaji: tumbaku aache kabisa, sukari ishuke, na ale vizuri maana kakonda mno, la sivyo kidonda hakitashika. Nani alisikia? Mama mdogo Mwatum kila alasiri alikuja na kijaluba chake cha tambuu, akisema tambuu isiyo tumbaku ni majani ya mbuzi. Majirani wakaleta halua, eti mgonjwa apate nguvu. Na wewe, msomi wetu, ukapiga simu kutuagiza tumwambie daktari kaacha, tarehe isije ikasogezwa. Nilipobisha ukaniita mkaidi. Mficha maradhi kilio humfichua, na sisi tumefichuka ukoo mzima.

Sasa nikwambie lililonikaa kooni. Asubuhi ya kulazwa, mama alikuwa na hofu kubwa. Akaniomba tambuu moja tu. Nilimkunjia mimi, kwa mikono hii, na tumbaku nikaizidisha ili atulie. Akatafunia upande wa shavu zima, nikampa maji asukutue. Daktari alipomuuliza, mama alinitazama, nikajibu mimi: ana miezi miwili hajagusa.

Jumatatu daktari alipiga simu kuuliza hali. Nikamweleza yote, mama akisikia. Hakunigombeza. Alisema atampasua tena yeye mwenyewe, ila safari hii tumbaku iachwe kweli na sukari apimwe kila siku. Ukimshitaki, nani mwengine atamshika mama? Yachane hayo makaratasi. Mama mdogo nimemrudisha mlangoni na kijaluba chake. Akikupigia kulalamika, mwambie Asma hana adabu, basi.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu. Salamu za mama ningekuletea, lakini tangu Jumatatu hanitazami. Nikimsafisha kidonda, hufumba macho.

Ni mimi nduguyo,
Asma Ngwali