Nimewaambia Umesafiri

Baba Neema,

Salamu sijui nianzie wapi, maana hali yako siwezi kuiuliza na yangu ni mbaya. Tangu tukuzike Chamwino nafungua kibanda kila siku, na ule mchezo wako wa safari, wa kadi na dadu, hautoki. Visanduku vyake nimevipanga vizuri kuliko ulivyokuwa ukivirundika, bei nimeshusha, kanuni nimezibandika mlangoni. Watu wanapita tu. Jirani anauza vigari vya plastiki kutoka Dubai, siku hizi kila kitu ruksa, na kwake ndiko wanakojaa.

Nilikuwa nakucheka, unakumbuka? Mteja akisimama tu, umeshamvuta mkekani, umemgeuza mchezoni mpagazi wa msafara au mganga aliyepotea njia. "Haya, kisima kimekauka. Unafanyaje?" Mtu mzima, karani wa serikali na tai yake shingoni, anabaki kubishana nawe juu ya kisima ambacho hakipo! Nikawa nasema unapoteza wakati, uza. Kumbe kuuza kwenyewe ndiko huko. Walinunua ili wapate kurudi kukubishia.

Sasa wakiniuliza mwenyewe yuko wapi, nikisema amefariki, wananipa pole na kukirudisha kisanduku taratibu, kama wameshika nguo ya marehemu.

Mwezi uliopita akaja yule mwalimu wa Mpwapwa. Hakuwa na habari. "Shemeji, jamaa yuko wapi? Nina ugomvi naye." Neno likanitoka lenyewe: "Amesafiri." Akacheka, akachukua visanduku viwili. "Akirudi mwambie kanuni yake ya simba ni ya uonevu."

Basi tangu siku hiyo umesafiri, mume wangu. Mara uko Kondoa, mara umekwenda Tabora kwa ndugu. Nauza. Tunakula. Na nikishasema hivyo najikuta natazama barabarani, mimi niliyekuosha uso kwa mikono yangu. Naumia, sikufichi. Kuna siku nalia mpaka nashindwa kufunga kibanda.

Juzi Neema alimjibu mteja kabla yangu: "Baba amesafiri." Mtoto huyu huyu aliyetupa udongo kaburini kwako! Jioni akaniuliza utarudi siku gani. Nikajifanya napepeta mchele.

Mwalimu anarudi Jumamosi na wanafunzi wake, wanataka kucheza nawe. Nitakaa mimi mkekani, na kubishana kwenyewe sikujui. Wanunue, wasinunue, potelea mbali. Kibanda kikifungwa, kifungwe.

Pumzika, Baba Neema. Nakuahidi, Jumamosi nitasema umekufa, na Neema atakuwa mapajani mwangu, asikie.

Mama Neema