Vitanda vya Wabeba Petroli

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na binti yenu, na kwamba mgongo wako umetulia. Mimi sijambo, ila kazini nimepewa swali linaloninyima raha.

Wiki tatu zilizopita bosi wetu wa mipango ya magereza aliniletea nakala ya sheria mpya. Mtu akikutwa anasafirisha petroli katika tangi la kificho ndani ya gari, kifungo chake ni hadi miaka mitano. Akataka nimwambie sheria hiyo itatuletea wafungwa wangapi. Nikamwuliza tutajuaje, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushtakiwa kwa kosa hilo? Akasema ndiyo maana kanipa mimi mpekuzi. Unakumbuka mama alivyokuwa akisema udadisi utaniponza.

Basi nikaanza kuulizauliza. Karani wa mahakama akaniambia kesi za namna hiyo ziliandikwa magendo tu, hazikutengwa. Askari wa barabarani akacheka, akasema tangi likifichwa vizuri yeye mwenyewe hulipungia mkono lipite. Nikaenda gerezani. Bweni la watu arobaini linalaza tisini, wamelala mzungu wa nne, miguu ya huyu usoni pa yule. Msimamizi wa bweni akanisihi nisimletee hata mmoja zaidi, kana kwamba mimi ndiye ninayewafunga.

Katika karakana ya gereza nikakutana na mfungwa, fundi wa kuchomelea, wanamwita Cheche. Nilipomwuliza matangi yale hufichwaje, macho yakamng'aa. Akanichorea kwa chaki sakafuni, nami nikachuchumaa nikiuliza hili na lile hadi nikasahau kalamu yangu. Mwishowe akajisifu: "Kazi yangu bora, afande, ni gari la muuza magodoro mmoja. Juu ya tangi nikamchomelea kiti cha mwanawe. Nani atamwinua mtoto ili akague?"

Wauza magodoro ni wengi, kaka. Lakini mwenye kiti cha mtoto kilichochomelewa namjua mmoja tu.

Sasa nikiri. Jumapili ile niliyosema naufuata mwavuli wangu garini mwako, sikuwa na mwavuli. Niliinua zulia chini ya kile kiti. Harufu ya petroli ilinipanda kichwani. Na binti yako alikuwa amekaa hapo hapo juu, ananing'iniza miguu, ananiuliza natafuta nini. Nikamjibu sijui.

Ripoti nimeshaiwasilisha. Nimeandika kuwa idadi haiwezi kujulikana, ila tutenge nafasi angalau ya mtu mmoja. Bosi akauliza huyo mmoja nimemtoa wapi. Nikasema ni makadirio. Sikuwahi kumdanganya kabla ya siku ile.

Sheria inaanza tarehe mosi. Ling'oe tangi hilo, kaka. Usimtafute Cheche wala usinitumie mtu. Nitakuja mwenyewe Jumamosi niinue zulia mbele yako. Nikilikuta bado, nitamtoa binti garini kwa mkono wangu, na bosi akiniuliza tena nitamjibu kweli.

Mama anakusalimu, hajui lolote. Msalimie shemeji, na umbusu binti kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukuhofia,

Kitindamimba