Shemeji Anafunga Duka kwa Sababu ya Kipimo Changu

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisome hadi mwisho kabla hujanihukumu, maana mimi nimeshajihukumu na hukumu yangu hainisaidii.

Mimi ni mke wa mtu, nina watoto wawili, na kazi yangu ni kupima kadi za picha, zile zinazochomekwa ndani ya kompyuta ili gemu zisikwamekwame. Nazichukua kwa wauzaji, nazipima mbili mbili kwenye mashine ile ile na gemu ile ile, nahesabu kila kadi inatoa fremu ngapi kwa sekunde, yaani picha, zikiwa nyingi gemu inateleza, halafu natoa video mtandaoni nikisema ipi inastahili bei yake na ipi ni ya kumwachia muuzaji mwenyewe, na watu wananiamini mpaka wanaingia dukani wakiwa na video yangu kwenye simu, wanamwonyesha mwenye duka, wanasema nipe hii.

Sasa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ana duka la vifaa vya kompyuta, na moyoni sijapatana naye tangu siku aliyosema mbele ya ukoo mzima kwamba mimi kompyuta nimeijulia kwa kuifuta vumbi, watu wakacheka, na mimi nikacheka nao kwa sababu ni shemeji na utani ni haki yake, lakini liliniuma na mpaka leo linauma. Miezi miwili iliyopita akaleta kadi za kampuni mpya ambayo hakuna anayeijua, bei yake nusu tu ya ile kadi maarufu ambayo kila mtu anaitaka, akajaza rafu nzima, na dada akaniletea moja nyumbani akasema mpimie shemeji yako, mwaka huu tunategemea hizi.

Nikapima. Ile maarufu niliipima mara tatu kama kawaida yangu, ikatoa fremu tisini. Nikaichomoa, nikaweka ya shemeji, nikapitisha mkono nyuma ya mashine na kuchomeka waya wa skrini kwa kupapasa kama ninavyofanya siku zote, nikawasha, ikatoa kumi na tisa. Gemu inajikokota, feni za kadi hata hazizunguki, nikaona sina haja ya kurudia. Nikatoa video nikasema rahisi huvunja upishi, nikasema hata feni zake zimegoma kwa aibu, na video hiyo imetazamwa kuliko zote nilizowahi kutoa.

Walioweka oda wakaghairi. Hata walionunua mapema na kadi zikawafanyia kazi vizuri wakaanza kuziona nzito, wakazirudisha, na mmoja akamwita shemeji mwizi mbele ya watoto wake. Dada akaja kwangu, akakaa kwenye kiti changu cha kazi, akaniomba nipime tena, mara moja tu. Nikamjibu, "Dada, mizani haina ndugu." Akanyanyuka, akasema, "Sawa, mdogo wangu," akaondoka, na tangu hapo hapokei simu zangu.

Wiki iliyopita nikavuta mashine kutoka ukutani ili nichomoe ile kadi niirudishe, na mshauri, ndipo nikaona nilichofanya. Waya wa skrini haukuwa kwenye kadi, ulikuwa kwenye tundu la kompyuta yenyewe, juu kidogo, na matundu ya kadi yalikuwa bado yamezibwa na vile vifuniko vya plastiki vya kiwandani. Yaani kadi ilikuwa imekaa tu mle ndani bila kazi, mimi nikapima kompyuta tupu nikaitangaza kuwa ndiyo kadi. Hili ni kosa la mtu aliyenunua kompyuta jana, mimi mwenyewe nimewacheka wengi kwa ajili yake. Nikachomeka inavyotakiwa, nikapima mara nne, ikatoa sabini na nane, sabini na tisa, sabini na nane, sabini na nane, kwa nusu ya bei. Sijawahi kupima kadi yenye thamani kama hiyo.

Mume wangu anasema nisijimalize, nitoe video fupi nieleze kwamba kampuni imetoa programu mpya iliyoirekebisha kadi. Mambo hayo hutokea kila mwezi na hakuna atakayeuliza, wateja watarudi, na jina langu litabaki. Ukweli nikiusema, wauzaji watasema vipimo vyangu vyote ni vya kupapasa, na ukoo utasema nilifanya makusudi kwa sababu ya utani ule. Shemeji anakabidhi funguo za duka Jumamosi. Na kinachonitisha kuliko vyote ni kwamba sijui. Sijui kama ni mkono tu uliokosea. Nifanye nini? Tafadhali ficha jina langu.

Mpimaji

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Pole yangu inaishia hapo, maana siku ulizobakiwa nazo ni chache.

Habari ya waya nakusamehe. Anayefanya kazi ndiye anayekosea, na mkono unaopapasa hauna macho. Lakini soma tena barua yako. Kadi ya watu uliipima mara tatu. Ya shemeji yako uliipima mara moja. Uliona feni hazizunguki, wewe fundi wa miaka yote hii, na badala ya kuuliza kwa nini, ukatunga kichekesho. Mtu akipata jibu alilokuwa analitamani, harudii hesabu. Unaniambia hujui kama ilikuwa makusudi. Mimi naona hukuchomeka vibaya kwa makusudi, ila ulifurahi ilipotoka kumi na tisa, na furaha hiyo ndiyo iliyokuziba macho. Hilo likubali, usiku utalala.

Halafu dada yako akaja. Hakukuomba umsifie mumewe, alikuomba urudie kazi yako. Ukamtupia maneno matamu ya kuandikwa ukutani. Mizani haina ndugu, ni kweli, lakini hata mizani ya nyama sokoni huja watu wakaikagua, na mwenye bucha hanuni.

Mume wako nisalimie, anakupenda, ila ushauri wake ni sumu. Ukisema programu mpya imeiponya kadi, maana yake ni kwamba ilikuwa mgonjwa. Shemeji yako aliwaambia wateja tangu siku ya kwanza kuwa ni nzima. Kwa hiyo duka litapona na yeye atabaki mwongo, safari hii kwa msaada wako. Huo utakuwa wizi wa pili juu ya wa kwanza.

Sasa fanya hivi. Nenda kwa dada yako kwa miguu yako, siyo kwa simu. Usianze na habari ya waya, kwa sababu waya ni kisingizio kizuri na utajificha nyuma yake. Anza na hili: uliniomba nirudie, nikakataa. Nyamaza, aseme atakalosema, hata likichukua saa nzima. Baada ya hapo beba mashine yako na kadi zote mbili hadi dukani, wateja wakiwepo, na waya mpe shemeji auchomeke mwenyewe huku unarekodi bila kukata. Ile video ya zamani usiifute. Iache na uandike juu yake kwamba umekosea, umekosea wapi, na ukweli ni namba gani. Na kama kuna kadi nyingine uliyoipima mara moja kwa sababu ilikuudhi, hiyo nayo irudie. Utapoteza watu. Watakaobaki watakuwa wanajua kwa nini wanakuamini.

Shemeji naye alikosea. Utani wa kumdharau mtu katika kazi yake ni matusi yaliyovaa nguo nzuri. Mdai siku nyingine, kwa mdomo, ana kwa ana. Siyo wiki hii.

Limebaki moja. Mhariri alikupigia kukuuliza kama barua hii tuichape ilivyo, na kumi na tisa yake na vifuniko vyake na maneno uliyomwambia dada yako, nawe ukajibu ichapwe ilivyo. Jina nimelificha kama ulivyoomba, lakini dada yako hahitaji jina. Nafikiri ulilijua hilo. Nafikiri unataka gazeti likamwambie kwa niaba yako. Basi leo ni Alhamisi, na gazeti linafika mitaani saa moja asubuhi. Usisome ukurasa mwingine. Vaa viatu, ufike kwake kabla hajalifungua.